Bafle ya Mlangoni

Fundi wa redio za magari wa mjini Kasongo, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, atakuambia: "Tutatia bafle ku mulango." Ukisema spika atakuelewa, ila hilo kwake ni neno la Dar es Salaam na Nairobi, ambako pia ni cheo cha anayeongoza vikao vya Bunge.

Kiswahili kilifika Maniema na misafara ya pembe na watumwa, kikashika mizizi mfanyabiashara Tippu Tip alipofanya makao Kasongo katika miaka ya 1870. Mwaka 1893 majeshi ya afisa Mbelgiji Dhanis yaliuteka mji, na nyuma yao Kifaransa kikaingia ofisini, shuleni, hatimaye gereji. Ndiyo maana vitu vingi vya fundi vina majina ya njia hiyo: bisibisi ni turnevisi, waya wa hasi ni masi, mbao za tabaka ni tripleksi.

Kati ya hayo yote nalipenda bafle, na sababu yangu ni ya kifundi. Spika ni msemaji tu. Hata Kifaransa rasmi kinakiita kifaa hiki msemaji wa sauti ya juu. Jina kipaza sauti linataja kazi, na kwa kuwa linataja kazi peke yake, watu wa pwani wameipa na maikrofoni jina hilohilo. Kwa maumbile hawakukosea: spika na maikrofoni nyingi za mkononi zina sumaku, koili na utando, na spika ikiunganishwa kinyume hunasa sauti. Lakini dukani jina hilo linamlazimu muuzaji kuuliza mara ya pili.

Bafle kwa asili si kitu kinachotoa sauti. Wafaransa walilichukua neno kwa Waingereza, ambao kwao ni ubao unaoshika spika na kutenga mbele yake na nyuma yake; Wafaransa wakalipanua likawa sanduku zima la muziki, nalo likafika Kongo hivyo. Ubao huo una kazi kubwa. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Mawimbi hayo mawili yanapingana, na yakikutana yanauana. Besi ndiyo hufa kwanza, kwa kuwa mawimbi yake ni marefu na hupinda kirahisi kuzunguka ukingo wa koni. Shika spika mkononi inapopiga rumba, utasikia gitaa jembamba. Ifunge kwenye ubao wenye tundu, na besi inarudi, bila kuongeza hata wati moja.

Ndani ya gari, ubao huo ni mlango. Bati lake la ndani lina matundu makubwa yaliyofunikwa kwa nailoni tu. Anayenunua spika za bei na kuzikaza hapohapo amenunua nusu ya kitu. Fundi mzuri huanza kwa kuteremsha kioo hadi mwisho na kupima kina, kisije kikagonga sumaku. Kisha hukata pete ya tripleksi kwa spika ya sentimita 16.5 na kuipaka rangi ya mafuta pande zote, hata kwenye kingo, kwa sababu mvua hupenya kwenye mpira wa kioo na mbao tupu huvimba. Vitundu vya chini vinavyotoa maji haviguswi kamwe. Yale matundu makubwa huzibwa kwa karatasi nzito za lami, na hizo pia hutuliza bati; katika barabara ya Kabambare bati lililolegea halinyamazi.

Mwisho hugusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye nyaya, chanya kwa chanya: koni itokeze nje, kulia na kushoto sawasawa. Nyaya za upande mmoja zikigeuzwa, spika moja inasukuma huku nyingine ikivuta, na besi inapotea tena humo garini licha ya kazi yote ya mlango.

Ningependa watunga kamusi walipokee bafle kwa maana hii: ubao, sanduku au mlango unaoshika spika na kutenga sauti ya mbele na ya nyuma. Spika libaki kwa kile chenye koni na sumaku. Hapo mteja anayelalamikia muziki wake ataambiwa kwa Kiswahili, bila kuzunguka, kwamba spika zake ni nzima, bafle ndiyo inayovuja.