Albamu Kuu Kuliko Zote, na Mizani ya Kila Watu

Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone la Marekani lilikusanya kura za watu 273, wanamuziki, wahakiki na watu wa biashara ya muziki, kila mmoja akitaja albamu anazoziona bora kuliko zote zilizowahi kutoka. Kura zilipojumlishwa, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya Beatles, iliyotoka mwaka 1967, ilishika nafasi ya kwanza. Pet Sounds ya Beach Boys ikawa ya pili, na Revolver, ya Beatles wale wale, ikawa ya tatu. Ukihesabu kumi za kwanza, nne zilikuwa za kundi hilo moja la Liverpool. Mwaka 2020 kura ikapigwa upya, safari hii na watu zaidi ya 300, Beyoncé na Taylor Swift wakiwa miongoni mwao. Sgt. Pepper ikaanguka hadi nafasi ya 24. What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971, ambayo mwanzo ilikuwa ya sita, ikakaa kileleni.

Katika miaka hiyo 17 hakuna aliyeongeza wala kupunguza sauti moja kwenye santuri hizo. Waliobadilika ni waamuzi. Waliopiga kura mara ya kwanza wengi walikuwa wamelelewa na roki ya miaka ya sitini. Mara ya pili waliingia watu wa rapu, wa pop na wa soul, na wanawake wengi zaidi. Mashabiki wamegawanyika tangu hapo. Wapo wanaosema haki imetendeka, na wapo wanaosema siasa za zama zimeingizwa katika sanaa. Nimewasikiliza wote kwa hamu, maana wanabishana kwa upendo na kwa ujuzi, lakini naona pande zote mbili zimekubaliana jambo moja bila kulijadili: kwamba kipimo cha ukuu wa mwanamuziki ni albamu. Pwani na bara ya Afrika Mashariki watu wamebishana juu ya muziki kwa ukali huo huo kwa zaidi ya miaka mia, na karibu muda wote huo walichokuwa wakikipima kilikuwa kitu kingine.

Albamu kwa maana wanayoitumia wao ni mtoto wa kiwanda. Kampuni ya Columbia ilipotoa santuri ndefu mwaka 1948, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, upande mmoja uliweza kubeba dakika ishirini na kidogo. Kabla ya hapo santuri ya mizunguko 78 ilimpa mwimbaji dakika tatu hivi kwa upande, ndipo mtu ageuze. Nafasi ilipopatikana, polepole wakatokea waliotaka kuitumia kama kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho. Beatles waliacha maonyesho ya jukwaani mwezi Agosti 1966, wakajifungia studio Abbey Road, London, pamoja na prodyuza George Martin. Walikuwa na mashine za kurekodi zenye njia nne tu, na kwa mashine hizo wakatengeneza sauti ambazo hakuna bendi ingeweza kuzipiga ukumbini. Nyimbo zikafuatana karibu bila kupumua, na maneno yake yote yakachapwa nyuma ya jalada ili msikilizaji asome huku akisikiliza. Shabiki wa Sgt. Pepper anasifu hilo hasa: umoja wa kazi na ujasiri wa studio.

Marvin Gaye naye alishika njia hiyo hiyo, lakini kwa sababu nzito zaidi. Ndugu yake Frankie alikuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam. Wazo la wimbo unaoipa albamu jina lake lilianzia kwa Obie Benson wa kundi la Four Tops, baada ya kuona polisi wakiwapiga vijana huko Berkeley, California. Berry Gordy, mwenye kampuni ya Motown, aliuona wimbo huo kuwa hauna soko, na Gaye akashikilia hadi ukatoka. Kuna jambo jingine ambalo wanaobishana hawalitaji vya kutosha. Wapigaji wa Motown, waliojulikana kama Funk Brothers, walikuwa wamepiga nyimbo nyingi zilizopendwa dunia nzima bila majina yao kuandikwa popote. Katika albamu hii majina yao yaliandikwa, na James Jamerson, mpiga besi ambaye watu walimsikia kwa miaka mingi pasipo kumjua, akatambuliwa kwenye jalada. Kwa hilo peke yake nami ningeipa kura yangu, hata kabla ya kufika kwenye sauti ya Gaye inayojiitikia yenyewe kana kwamba waimbaji ni wawili.

Sasa twende Unguja. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri zake zilikuwa za mizunguko 78, zile za dakika tatu. Ziliuzwa na kusikilizwa pwani yote, na umaarufu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Shaaban Robert alimwandikia wasifu mzima. Lakini huwezi kusema albamu kuu ya Siti ni ipi, kwa kuwa hakuwa nayo, na hakuna msikilizaji wake aliyeikosa. Walichompimia ni sauti, lafudhi, na namna alivyoweza kuliweka hadharani jambo la mtaani, pengine la mahakamani, likafahamika na wenye masikio.

Taarabu ina namna yake ya kupiga kura, na mimi naiona bora kuliko ile ya jarida. Wakati wimbo unaendelea, mwanamke anainuka kitini na noti mkononi, anakwenda kwa mwendo wa kucheza hadi mbele, anamtunza mwimbaji kwa ubeti ule ule uliomgusa. Ukumbi mzima unaona nani katunza, katunza maneno gani, na njiani alipita mbele ya meza ya nani. Mcheza kwao hutunzwa, na kwetu tuzo ni hukumu inayotolewa papo hapo, mbele ya watu, kwa pesa ya mtoaji mwenyewe. Mpiga kura wa Marekani anaandika orodha yake faraghani na kuituma. Asubuhi hakuna anayemuuliza kwa nini. Anayetunza taarabuni ataulizwa mtaani kesho yake.

Ushindani wenyewe ulikuwa wa vikundi. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star, na Shakila akiimba. Unguja ilikuwa na Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, na baadaye Culture, ya 1958. Miaka ya tisini Dar es Salaam iligawanyika kati ya TOT ya Kapteni John Komba na Muungano ya Norbert Chenga, huku Khadija Kopa na Nasma Khamis wakijibizana kwa nyimbo. Wimbo wa huku ulijibiwa na wimbo wa kule, na shabiki alingoja jibu kwa shauku. Katika hali hiyo kuuliza ni albamu ipi iliyo kuu ni kumtoa msemaji mmoja katika mazungumzo na kumsifu peke yake. Ngoma ya beni ilikuwa hivyo hivyo kabla ya taarabu ya kisasa, vikundi vya Marini vikishindana na vya Arinoti mji kwa mji, na malumbano ya washairi ni ya zamani kuliko beni.

Muziki wa dansi ndio unaofanana zaidi na ubishi wa Beatles na Beach Boys, na hapa tofauti inaonekana vizuri zaidi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya umoja wa wafanyakazi, ikapita majina ya Juwata na OTTU hadi kuwa Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, na mtindo wake ukaitwa Sikinde. Msondo na Sikinde, majina yote mawili yametoka kwenye ngoma za Pwani. Bendi ya Maquis ilikuwa na mtindo wa Kamanyola, Safari Sound wakaja na Ndekule. Shabiki alikuwa wa mtindo, kama mtu anavyokuwa wa Simba au wa Yanga. Kisha yakatokea mambo ya kuumiza moyo: Muhiddin Maalim Gurumo, sauti ya NUTA na Juwata, alihamia Mlimani Park ilipoanzishwa, mwaka 1985 akaenda Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo. Kila alipohama, shabiki alilazimika kuamua anachokipenda ni mtu au ni bendi. Hilo ni swali la uhakiki lenye uzito, na lilijibiwa kwa miguu, kwa kuhama baa au kubaki.

Nyimbo hizo zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, moja moja, kwenye mikanda, na zikarushwa hewani bure. Tanzania haikuwa na biashara ya santuri iliyosimama yenyewe; aliyetaka santuri alitazama Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe. Huko wimbo mrefu ulikatwa pande mbili za santuri ndogo: upande wa kwanza maneno, wa pili magitaa ya kuchezea. Umbo hilo lilizaa ustadi wake. Mtunzi alijua kwamba baada ya kisa lazima pawe na mahali pa kufunguka, solo na ridhimu zikipandana na waimbaji wakiwaita wapigaji kwa majina. Motown ilichukua hadi 1971 kuandika majina ya wapigaji wake kwenye jalada. Bendi zetu ziliyataja ndani ya wimbo wenyewe, kwa sauti, na mtoto wa mtaani alijua nani anapiga solo la bendi gani.

Albamu zilizofika Ulaya ni habari nyingine. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyekuwa kipenzi cha Dar es Salaam, alirekodi Songs for the Poor Man na Super Matimila kwenye studio za Real World, Uingereza, ikatoka 1989. Ni kazi safi, na naipenda. Lakini Remmy waliyemjua watu wa Sinza ni yule wa ukumbini, anayesimamisha wimbo kuzungumza na walalahoi, na yule hakuingia katika albamu. Katika orodha ile ya 2020 Afrika inawakilishwa na wachache sana, Fela Kuti akiwamo, na hakuna hata albamu moja ya Kiswahili. Sioni hilo kuwa ushahidi wa udhaifu wetu. Mizani ile ilitengenezwa kupima chombo ambacho bendi zetu hazikukitumia.

Cairo inatoa kipimo cha tatu, na taarabu ya Unguja inaijua Cairo tangu enzi za Sultani Barghash. Umm Kulthum aliimba kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wake, redio ikirusha moja kwa moja. Wimbo mmoja, kama Enta Omri wa 1964, uliotungwa na Mohammed Abdel Wahab, uliweza kufika saa nzima, kwa kuwa wasikilizaji walipiga kelele arudie ubeti, naye akaurudia kwa namna mpya. Wapenzi wake hubishana ni usiku upi aliuimba vizuri zaidi. Wimbo ni ule ule. Kikubwa ni usiku.

Sisi tuliwahi kuwa na zama za albamu, fupi na zenye nguvu. Kaseti za Bongo Flava zilipojaa Kariakoo, kijana alinunua albamu nzima, akaisikiliza upande A na B hadi utepe ukalegea, na maskani watu walibishana juu ya mpangilio wake. Mr. II, Juma Nature, Lady Jaydee, na kutoka Nairobi E-Sir na Nimefika ya 2003, wote walisikilizwa hivyo. Juu ya zote naiweka Machozi Jasho na Damu ya Profesa Jay, ya 2001. Ina Ndio Mzee, kisa cha mgombea anayeahidi yasiyowezekana huku umati ukimwitikia, na ndani yake kuitikiana kwa ngoma kumegeuzwa kuwa hoja dhidi ya umati wenyewe. Mtunzi huyo baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, 2015. Kwa mizani ya umoja wa kazi na ya neno linalobaki, albamu hiyo haiogopi kuwekwa kando ya Marvin Gaye.

Leo mashabiki wa Diamond na Alikiba wanabishana kwa idadi ya watazamaji wa YouTube. Hiki ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote nilivyotaja. Hakisemi nani kaguswa, na ubeti gani, na usiku gani. Hakisemi hata kama wimbo ulisikilizwa hadi mwisho.

Kwa hiyo ukiniuliza albamu kuu, nitakujibu What's Going On, na kwa Kiswahili Machozi Jasho na Damu. Ukiniuliza kilicho kikuu katika muziki wetu, nitakutajia Mlimani Park tangu 1978 hadi Gurumo alipoondoka, na kazi hiyo haina jalada. Sehemu kubwa yake ilibaki kwenye mikanda ya redio. Wenye dhamana ya mikanda hiyo, itoeni kwa mfuatano wa miaka, mkiandika kwa kila wimbo nani aliutunga, nani aliimba, nani alishika solo, ridhimu na besi. Gurumo alifariki mwaka 2014. Waliobaki waulizwe sasa, wakiwa hai.