Punguzo la bei na mraba wa al-Khwarizmi: hesabu ya kale katika shule za Meru na Embu

Punguzo la bei huzaa mlinganyo wa kipeo cha pili pale linapogusa mambo mawili kwa pamoja: bei ya kitu kimoja na idadi ya vitu vinavyonunuliwa. Bei ikizidishwa kwa idadi hutoa gharama. Zote mbili zikitegemea namba moja isiyojulikana, namba hiyo huishia kuzidishwa kwa yenyewe.

Chukua mkulima wa Runyenjes, Kaunti ya Embu, aliyenunua miche ya avokado kwa Sh6,000. Lau kila mche ungepunguzwa bei kwa Sh20, angepata miche 10 zaidi kwa pesa zizo hizo. Alinunua mingapi? Idadi ikiwa x, bei ya mche ni 6,000 ÷ x, na baada ya punguzo ni 6,000 ÷ (x + 10). Tofauti ya bei hizo ni 20. Sehemu zikiondolewa, hubaki x² + 10x = 3,000.

Swali hilo lina asili ya kale. Mnamo mwaka wa 1800 hivi kabla ya Kristo, waandishi wa Babeli walichora kwenye vibao vya udongo maswali ya namba mbili ambazo tofauti na zao lake (tokeo la kuzizidisha) vinajulikana. Kibao kimoja kinataka namba zinazotofautiana kwa 7 na zao lake ni 60. Jibu ni 12 na 5. Swali la miche ni lilo hilo: namba zinazotofautiana kwa 10, zao lake 3,000.

Karne ya 9, mjini Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliipanga elimu hii katika kitabu kilichoipa aljebra jina lake. Alikiandika zama za Khalifa al-Ma'mun ili kiwafae watu katika mirathi, biashara na upimaji wa ardhi. Mfano wake mashuhuri ni mraba na mizizi yake kumi kuwa sawa na 39, yaani x² + 10x = 39. Njia yake ni kukamilisha mraba, na inalifaa swali la Runyenjes bila kubadilishwa hatua yoyote. Nusu ya 10 ni 5. Mraba wake ni 25. Ukijumlishwa na 3,000 ni 3,025. Kipeuo chake cha pili ni 55. Toa 5, ubaki na 50. Mkulima alinunua miche 50 kwa Sh120 kila mmoja. Kwa Sh100 angepata 60.

Mlinganyo huo una jibu la pili, −60. Al-Khwarizmi hakukubali majibu hasi, ingawa Brahmagupta wa India alikuwa ameeleza kanuni za namba hasi mwaka 628. Mwanafunzi wa leo hulipata jibu hilo, kisha hulikataa kwa kuwa idadi ya miche haiwezi kuwa hasi.

Huku Mlima Kenya, hesabu ya kuandikwa iliingia na shule za misheni, zikiwemo za Kaaga, Kabare na Chogoria, mwanzoni mwa karne ya 20. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921 ikiwa na senti 100, hivyo asilimia ilikuwa rahisi kuliko kwa Waingereza, ambao hadi 1971 shilingi yao ilikuwa peni 12. Katika miaka ya 1930 Waafrika wa Meru na Embu waliruhusiwa kupanda kahawa, na hesabu za bei na uzani zikawa jambo la nyumbani.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliweka milinganyo hii katika Kidato cha Pili na cha Tatu, na mtihani wa kwanza wa KCSE, wa kumaliza sekondari, ukafanywa 1989. Mtaala wa umilisi umeiweka Gredi ya 10, darasa la kwanza la sekondari pevu.

Aina nyingine ya swali la punguzo linalozaa mlinganyo huu ni punguzo linalorudiwa. Bidhaa ya Sh2,000 ikipunguzwa mara mbili kwa asilimia ileile, r, hadi Sh1,620, hupatikana 2,000(1 − r)² = 1,620. Hivyo (1 − r)² = 0.81, na r ni asilimia 10. Anayegawanya punguzo lote la asilimia 19 kwa mbili hupata 9.5 na kukosea, kwa sababu punguzo la pili hukatwa kwenye Sh1,800, si kwenye Sh2,000.

Katika aina zote mbili, kazi nzito ni kugeuza maneno kuwa mlinganyo. Baada ya hapo hubaki kukokotoa, kukataa jibu lisilolingana na hali halisi, na kulirudisha jibu kwenye swali ili kulihakiki.