Picha ya Ukutani Inaitwaje?

Ukiniuliza picha kubwa iliyopakwa kwenye ukuta wa mtaa inaitwaje kwa Kiswahili, nitakujibu bila kukuna kichwa: mchoro wa ukutani. Jibu ni sahihi. Linaeleweka kuanzia Lamu hadi Lubumbashi. Lakini halinikai vizuri mdomoni, na kila nikiifikiria Dzaleka linazidi kunikwaza.

Kasoro yake ni kwamba linataja mahali, basi. Ndiyo desturi yetu. Kondoa, Tanzania, tuna michoro ya miambani kwa sababu imo miambani. Ikiwa pangoni, ni ya pangoni. Mahali pakishatajwa, mtunga istilahi anafunga daftari. Hata chora lenyewe halimwokoi. Kwa asili ni neno la ncha: kukwaruza, kutia alama kwenye ubao au udongo mbichi, na ndiyo sababu kuchora na kuchonga huenda pamoja kwenye milango ya Unguja. Rangi ilikuja baadaye. Ukilisikiliza kwa sikio kali, mchoro wa ukutani ni mikwaruzo tu mahali fulani. Haukuambii picha inamfanyia nini anayepita, wala kwa nini mtu mwenye shida ya unga alinunua kopo la rangi.

Dzaleka niliyoitaja ni kambi ya wakimbizi nchini Malawi, katika wilaya ya Dowa, kilomita zisizofika 50 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa 1994 kwa watu wapatao 10,000 hivi. Sasa inao zaidi ya 50,000. Wengi ni Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda, na Wasomali na Waethiopia wamo. Kabla ya hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda, na jina limetoka huko huko gerezani. Kwa Kichewa, ndidzaleka ni "nitaacha", ahadi ya mtu aliyekomeshwa: sitarudia tena. Mrundi na Mnyarwanda hawahitaji mkalimani hapo, maana kwao kureka ni kuacha vilevile. Kwa hiyo watu ambao hawakumkosea yeyote wanaishi kwenye anwani yenye kiapo cha mfungwa.

Chini ya jina hilo kuna majina mengine. Sehemu za kambi zinaitwa Kawale, Likuni, Lisungwi, Karonga. Kawale ya kweli ni mtaa wa Lilongwe, na Likuni ya kweli iko nje kidogo ya jiji hilo, penye misheni na hospitali. Mtu anaweza basi kuwa mkazi wa Kawale kwa miaka 20 bila kuruhusiwa kuhamia Lilongwe. Lilongwe nayo, mji mkuu tangu 1975 ulipoachiwa kiti na Zomba, iligawiwa namba: Area 3, Area 18, Area 25, Area 47, namba ambazo hazifuatani ardhini hata kidogo, na mgeni anayezihesabu akitafuta nyumba atalala njiani. Majina na namba hizo zilitoka juu. Wakimbizi walipopata nafasi ya kutaja la kwao, walilitaja kwa Kiswahili. Tamasha la Tumaini lilianzishwa kambini mwaka 2014 na mshairi na mwanamuziki Mkongo, Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana zaidi kama Menes la Plume. Redio ya jamii ikaitwa Yetu. Mmalawi anayekuja tamashani kutoka Lilongwe ana neno lake, chiyembekezo, lakini anasema naenda Tumaini.

Sasa niruhusu nishike tofali kidogo. Kiswahili kina ukuta na kina kiambaza. Ukuta ni wa mawe au matofali. Kiambaza ni cha fito na udongo uliokandikwa kwa mkono. Nyumba nyingi za Dzaleka ziko katikati ya maneno haya mawili: matofali mabichi yaliyokaushwa juani, yakaunganishwa kwa udongo uleule yalimotoka. Mpaka rangi anaijua tofauti hii kuliko sisi wa kamusi, kwa sababu tofali bichi linakunywa rangi. Kwanza ukuta ukwanguliwe, ukandikwe upya kwa udongo laini uliochekechwa, uachwe ukauke, upakwe chokaa mara mbili, ndipo kipande cha mkaa kianze kuchora mistari. Rangi ya mafuta hung'aa siku ya kwanza. Kisha unyevu wa ndani unaisukuma, inavimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Mvua za Malawi huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na ukuta wa udongo huliwa kuanzia chini, pale matone yanapogonga ardhi na kurukia juu. Watu waliochorwa wamesimama hupoteza miguu kwanza.

Ndiyo maana rangi ya kudumu hutafuta ukuta wenye lipu, wa shule au wa ofisi, na ukuta wa ofisi una masharti yake: nembo pembeni, ujumbe wa kunawa mikono katikati. Sina ugomvi na kunawa mikono. Ila ujumbe huo si historia ya mtu yeyote, hata ukipakwa rangi saba. Kichwa cha kijana kilichochorwa na kinyozi mlangoni pake, chenye mstari wa wembe pembeni na sikio moja kubwa kuliko jingine, kina historia zaidi: kinakuambia mitindo ilitoka mji gani na ilifika mwaka gani.

Neno ninalolitafuta lilishapatikana, na lilipatikana Katanga. Katika miaka ya 1970 mjini Lubumbashi, wachoraji walikuwa wakitembeza picha zilizochorwa kwenye vitambaa vya magunia ya unga, na watu wenye mishahara ya mgodini na ya ofisini walizinunua na kuzitundika sebuleni. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, alichora historia nzima ya nchi yake katika picha zipatazo 100, kuanzia enzi za kale hadi Zaire ya Mobutu, na kuieleza picha kwa picha, kwa Kiswahili cha Katanga, mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian mwaka 1973 na 1974. Mfululizo huo uko Amsterdam, katika jumba lililokuwa likiitwa Tropenmuseum. Mchoraji mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa akijiita mwanahistoria, na sioni wa kumpinga.

Wanunuzi wale walikuwa na neno la Kifaransa kwa kile kitu kinachotundikwa: tablo. Walipoulizwa kina kazi gani, walisema ni ukumbusho.

Litazame neno hilo kwa karibu. Kukumbuka nafanya mwenyewe, kichwani mwangu, hata nikiwa nimelala. Kukumbusha nafanyiwa na mwingine. Katika ile sh ndogo kuna mtu wa pili, na picha ya ukumbusho haifanyi kazi bila huyo mtu: mgeni anaketi, anatazama, anauliza yule ni nani, na mwenye nyumba anaweka kikombe chini na kuanza kusimulia. Picha ni kichokoo tu. Aina iliyopendwa kuliko nyingi iliitwa Colonie belge: ua wa gereza, mfungwa amelazwa kifudifudi, askari anamchapa, afisa wa Kibelgiji anatazama. Mgeni wa mbali atauliza nani anataka viboko juu ya kochi lake. Wenye makochi hawakuona ajabu. Walizipanga picha zao kwa nyakati, za bankambo, yaani mababu, kisha za zamani, kisha za leo, na viboko vilikuwa na nafasi yake katika mpango huo.

Sasa chukua neno hilo ulilete Dzaleka, ambako waliotoka Katanga wamo na Kiswahili cha Kongo ndicho kinachosikika sokoni. Mahali hapa palikuwa gereza. Lakini mkoloni hakuwa ndiye mwenye ufunguo. Alikuwa Banda, mtawala Mwafrika aliyeishika Malawi kuanzia uhuru wa 1964 hadi uchaguzi wa 1994. Wanaokumbuka gereza ni Wamalawi. Wenye desturi ya kuchora gereza na kulitundika sebuleni ni Wakongo, waliofika baada ya milango kufunguliwa. Nani amkumbushe nani? Nikipewa kazi ya kupanga njia ya kutembea kwa miguu kupita picha za historia ya mahali hapa, ningeanzia kwenye swali hilo, na ningetaka wasimulizi wawili kwenye ukuta mmoja, mmoja wa Dowa na mwingine wa Kongo.

Wanyarwanda wa kambini wana mchango wao pia. Kwao kuna imigongo, mapambo ya kuta yenye asili ya Gisaka, mashariki mwa Rwanda: kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kuwa matuta ukutani, kisha hupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Neno ni migongo yetu hii hii. Waliyaita kwa umbo lake, yale matuta yaliyoinuka, na ukipitisha kiganja unaelewa bila kamusi. Nalipenda, lakini haliwezi kubeba picha zote.

Na hiyo njia ya kupita picha tuiite nini? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Ziara ina kitambi: waziri hufanya ziara, mchamungu huenda ziara ya kaburi. Msafara unataka ngamia, au siku hizi magari yenye ving'ora. Matembezi yameshavikwa fulana na wadhamini, matembezi ya hisani, matembezi ya mshikamano. Chini ya hayo yote kuna kutembea kwenyewe, kitenzi kizuri cha mtu asiye na haraka: sina shughuli, natembea tu. Ndicho kinachofaa kwa kazi ya kutazama kuta.

Dzaleka kitenzi hicho kina bei. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ikaweka masharti yake kuhusu uhuru wa kwenda atakako mtu na kufanya kazi. Sheria yake ya wakimbizi ni ya 1989, na sera ni mkimbizi akae kambini, akitoka awe na kibali. Machi 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka. Kuanzia Mei polisi waliingia mitaani na watu wakakamatwa, wa Lilongwe wakiwemo. Barabara ni ileile. Kijana wa Area 25 akienda tamasha la Tumaini, anatembea. Kijana wa Lisungwi akienda Lilongwe kutazama kuta za huko, anasafiri na karatasi mfukoni. Siwezi kuwapa wote wawili neno matembezi na kujifanya sijui. Kwa njia ya ndani ya kambi nimechagua mzunguko: unaanzia hapa na kuishia hapa. Neno halina mvuto wowote kwa watalii, na halidanganyi.

Kichewa kina adabu zaidi katika kumtaja mtu huyo mwenye karatasi mfukoni. Sisi tunamwita mtu mkimbizi, kwa kiishio kilekile cha mpishi na mlinzi, kana kwamba kukimbia ni ajira aliyoiomba. Wao wanasema othawa kwawo, waliokimbia kwao. Kwao imo ndani ya neno. Mtu amepoteza nyumba, lakini hawajamnyang'anya kuwa alikuwa nayo.

Usidhani pia kwamba picha inayohitaji msimulizi ni jambo la Kikongo lililoletwa kwa basi. Kusini mashariki mwa Lilongwe, kwenye vilima vya Dedza, ni Chongoni: maeneo 127 ya michoro ya miambani, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, mwaka uleule na Kondoa. Ile myekundu inahesabiwa kuwa ya Batwa. Ile nyeupe, ya udongo mweupe, ni ya Wachewa wakulima, na sehemu yake inahusu chinamwali, unyago wa wasichana, kazi iliyokuwa mikononi mwa wanawake. Mchoro wa namna hiyo bila kungwi ni madoa. Ukiita hiyo michoro ya miambani umesema kweli kuhusu jiwe. Ukiita ukumbusho umeanza kusema kuhusu wanawake wale na wasichana waliokaa mbele yao.

Kuna pingamizi moja la kisarufi, na wahariri wenzangu wameshanirushia: ukumbusho ni dhana, haina wingi, huwezi kusema kumbusho tatu kwenye mtaa mmoja. Nakubali kwamba kumbusho tatu ni sumu. Lakini wingi upo na tunautumia kila siku. Ugonjwa, magonjwa. Uovu, maovu. Ukumbusho, makumbusho. Neno tulilolifungia ndani ya jumba lenye kabati za vioo ndilo wingi halali wa picha moja ya ukutani, kwa hiyo mtaa wenye picha kadhaa ni makumbusho bila kujengewa chochote. Mhariri mmoja alisisitiza kwamba makumbusho sharti yawe na mlango na tiketi. Tumaini haina kiingilio, nikamwambia, na hakuna anayekana kwamba ni tamasha.

Kilichobaki ni upatanisho wa kisarufi kwenye kibao cha kwanza cha mzunguko ule. Kamusi itataka ukumbusho huu. Fundi wa kukiandika huenda akawa mtu wa Uvira, naye ataandika ukumbusho hii, kama anavyosema nyumbani kwake, na mimi nitamwachia.