Mapatano ya Wamasai na Funzo Lake Kwetu



Katika taarifa hii twatoa kila mwaka hesabu ya fedha za chama. Yafaa pia tutoe hesabu ya mambo yaliyopita, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Majirani zetu Wamasai, ambao mpaka wao wakutana na wetu mashariki ya Migori, walikuwa na daftari. Mwezi wa Agosti 1904, Kamishna Sir Donald Stewart alipatana na Laibon Olonana na wakuu wenzake. Wamasai wakaondoka kwenye malisho ya Bonde la Ufa ili masetla wapate nafasi. Nao wakatengewa nchi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini ya reli, pamoja na njia ya kuziunganisha. Waliahidiwa kuwa nchi hizo zitakuwa zao maadamu kabila lao lipo duniani.

Miaka 7 haikutimia. Mwezi wa Aprili 1911, wakati wa Gavana Sir Percy Girouard, yaliandikwa mapatano mengine, nayo Laikipia ikatwaliwa. Wamasai wa Laikipia, ambao mkuu wao alikuwa Ole Gilisho, hawakushika mikuki. Waliweka wakili, wakaishtaki Serikali. Mwaka 1913 walishindwa Mahakama Kuu, kisha wakashindwa katika rufani. Majaji walisema kwamba nchi hii ilikuwa himaya tu, na Wamasai walikuwa taifa la kigeni mbele ya Mfalme; kwa hiyo mapatano yale yalikuwa ya dola na dola, wala mahakama haikuwa na uwezo wa kuyaamua.

Sisi wa Nyanza hatukuwa na mapatano ya namna hiyo. Mwaka 1920 himaya ikageuzwa koloni, kisha mahakama ikatamka kuwa Mwafrika akaa juu ya ardhi kwa ridhaa ya Mfalme tu. Basi mwenye mkataba alinyimwa haki kwa kuwa ni mgeni, na asiye na mkataba alinyimwa kwa kuwa ni raia wa koloni.

Ndiyo sababu wazee wa Piny Owacho, waliokutana Lundha mwezi wa Desemba 1921, walidai himaya irudishwe na watu wapewe hati za ardhi. Mwaka 1922 walionana na Gavana Northey. Kambi za kazi zilifungwa. Lakini koloni ilibaki, na hati hazikutolewa.

Leo Katiba ya 2010 imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za ardhi za zamani. Hata hivyo, yatupasa kujilinda wenyewe. Mwanachama akiletewa karatasi ya shamba, asitie sahihi wala kidole kabla haijasomwa kwa lugha aijuayo. Aulize mambo matatu: imeandikwa nini, nakala yangu iko wapi, na ikivunjwa, ni mahakama gani itakayonisikiliza? Wamasai walikuwa na majibu ya maswali mawili ya kwanza. Walipotezewa nchi kwa lile la tatu.