APT

APT ni programu ya kusakinisha, kusasisha na kuondoa programu nyingine kwa mstari wa amri katika mfumo endeshi wa Debian na jamaa zake, ukiwemo Ubuntu. Iliingia rasmi katika toleo la Debian 2.1, mwaka 1999.

Kabla yake ilitegemewa dpkg, ambayo hadi leo ndiyo inayofungua vifurushi na kupanga mafaili kwenye diski. Ina udhaifu mmoja uliowachosha wengi: haitafuti vitegemezi. Kifurushi kikihitaji maktaba isiyokuwepo, dpkg hulalamika na kumwachia mtumiaji kazi ya kuisaka, na maktaba hiyo nayo huenda ikadai nyingine. APT ndiyo iliyowaondolea watumiaji adha hiyo.

Anayetaka programu ya kuhariri picha ya GIMP huanza na sudo apt update, ili kompyuta ipate orodha mpya ya vifurushi, kisha huandika sudo apt install gimp. APT hukokotoa kila kinachohitajika, hutaja ukubwa wa data itakayopakuliwa na, ikiwa kuna vifurushi vya ziada, huuliza kama iendelee. Mwenye bando dogo ausome mstari huo vizuri kabla ya kubonyeza Y.

Kuondoa kunadai uangalifu zaidi. Amri ya remove hufuta programu lakini huacha mafaili ya mipangilio yaliyomo katika /etc. Purge huyafuta hayo pia, ila haigusi mipangilio iliyo katika folda binafsi ya mtumiaji. Vitegemezi visivyohitajika tena huondolewa kwa autoremove.