Joto la Nyumba Kongwe: Uteuzi wa Vyombo (Kakamega)

Mas'ala ya kuipasha joto nyumba iliyo karibu na Ikweta huenda yakamstaajabisha msomaji wa Mombasa au Unguja; lakini Kakamega, iliyoinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari na kupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, ina usiku wa Julai ambao baridi yake, ndani ya nyumba iliyofungwa kwa miezi mingi, huingia mifupani. Nyumba zinazohusika ni zile zilizosalia tangu siku za dhahabu, iliyovuta wachimbaji tangu 1931 na kuchimbwa katika mgodi wa Rosterman hadi 1952, pamoja na zile za matofali ambazo wazee walizijenga baada ya uhuru, na ambazo leo hukarabatiwa na wana wao walioko Marekani, Uingereza au Ghuba.

Mwana huyo aghalabu huja Desemba, wakati wa kiangazi, akaamua kwa hali aionayo, ilhali kipupwe ni Juni hadi Agosti, na wakaao humo wakati huo ni wazazi wake. Kabla ya kununua chombo chochote, yampasa azibe paa linalovuja, atie dari chini ya mabati, kwani usiku bati hupoteza joto upesi mno, na aondoe unyevu kutani. Pasipo hayo, moto wowote utawashwa bure.

Mfumo wa maji ya moto yapitayo katika mabomba ya chuma, auzoeao mtu wa London, haufai hapa: hakuna gesi ya bomba, wala fundi wake hapatikani kwa urahisi. Hita ya gesi ya mtungi isiyo na dohani nayo ina aibu yake, kwani kila kilo ya gesi inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, ukaurudisha ule unyevu uliokwisha kufukuzwa. Umeme ni safi, lakini bei yake ni ghali na hukatika mara kwa mara, hasa katika ngurumo za alasiri.

Zasalia kuni. Meko ya ukutani ya zamani hupendeza macho, ila sehemu kubwa ya joto lake hupanda na moshi. Jiko la chuma lenye mlango, likiunganishwa na dohani ileile baada ya kusafishwa masizi na kuzibwa nyufa, hutoa joto jingi zaidi kwa kuni chache. Kuni ziwe za mikaratusi ya shambani, zilizopasuliwa na kuanikwa chini ya paa hata zikakauka barabara. Msitu wa Kakamega, ambao ni mabaki ya misitu ya mvua iliyopata kuungana na ile ya Kongo, umekwisha kukatwa vya kutosha. Maji ya kuoga yapashwe kwa jua, maana hapa jua la asubuhi huonekana hata katika miezi ya mvua.

Jiko la makaa lisiingizwe kamwe chumbani mwa kulala. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Mwenye kukarabati nyumba ya wazee wake awaeleze jambo hili kwa kinywa chake mwenyewe kabla hajapanda ndege.