Ruwenzori Kutoka Beni: Historia ya Uso Uliopigwa Picha Mara Chache

Ukikusanya picha za Ruwenzori zilizochapishwa vitabuni tangu mwanzo wa karne iliyopita, utaona nyingi mno zilipigwa kutoka upande wa Uganda. Mlima ni mmoja, na mpaka unapita kwenye kilele chake kirefu, Margherita, chenye mita 5,109. Lakini uso unaotazama bonde la Semliki, ule anaouona mtu wa Beni akifungua mlango asubuhi yenye anga safi, umebaki nyuma katika kumbukumbu za picha. Naamini jambo hili halikuja lenyewe. Limeletwa na jua na mawingu, likaletwa na serikali na mipaka, na siku hizi linaletwa na bunduki. Hasara yake ni kubwa, maana barafu ya mlima huo inaisha, na upande wetu una ushahidi haba kuliko unavyostahili.

Tuanze na jua. Ruwenzori iko mashariki ya Beni. Mlima huwa wazi alfajiri na saa chache zinazofuata, lakini saa hizo jua linachomoza nyuma yake, na mpiga picha aliye Beni au Mutwanga anaambulia ukuta mweusi wenye ukingo unaong'aa. Mchana, jua likishavuka na kuanza kuuangazia uso wa magharibi, mawingu yamekwisha kupanda kutoka msituni na kuufunika. Aliye Uganda hana taabu hiyo, kwani jua la asubuhi linaupiga mlima usoni ungali wazi. Kwetu inabidi kungoja jioni ya siku iliyonyesha mchana, hewa ikiwa imeoshwa, pengine mawingu yapasuke kwa dakika chache kabla jua halijazama upande wa Ituri. Miezi ya Januari na Februari, au Juni na Julai, mvua hupungua na bahati huongezeka, ingawa moshi wa mashamba yanayochomwa nao hutia anga ukungu wake.

Mawingu hayo ndiyo yaliyowaficha wageni mlima kwa muda mrefu. Mchunguzi Stanley alipiga kambi si mbali nao mwanzoni mwa 1876 bila kutambua kwamba mbele yake kuna theluji. Aliiandika theluji hiyo Mei 1888, alipokuwa katika safari ya kumtafuta Emin Pasha. Mwaka uliofuata msafara wake ukashuka kwa bonde la Semliki, chini kabisa ya mlima, na Juni 1889 afisa wake William Stairs akaukwea upande huu wa magharibi akiwa na Wazanzibari, wakavuka mita 3,200 kabla ya kurudi. Wenyeji hawakuhitaji kuonyeshwa kitu. Kwa Wanande na ndugu zao Wakonzo, huko juu kwenye theluji ndiko anakokaa mungu wao Kitasamba, na mtu hakupanda kule kwa kutafuta mandhari.

Franz Stuhlmann, aliyesafiri pamoja na Emin, alifuata bonde la mto Butahu mwaka 1891 akafika kiasi cha mita 4,000. Vilele alivipa majina ya wanasayansi wa Ujerumani: Kraepelin, Möbius, Semper, Weismann. Majina hayo yangali kwenye ramani. Kwa hiyo wachunguzi wa kwanza wa Kizungu kuukaribia mlima walipita kwetu, na mtu angetazamia kwamba kamera nazo zingepita njia hiyo hiyo.

Haikuwa hivyo, na aliyegeuza mambo ni Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, pamoja na mpiga picha wake. Mwaka 1906 msafara huo wa Waitalia ulishuka Mombasa, ukapanda treni hadi Ziwa Victoria, ukavuka kwenda Entebbe, kisha ukatembea mpaka Fort Portal na bonde la Mobuku. Reli ya Uganda ndiyo iliyoamua mlima upigwe picha kutoka wapi. Beni ya wakati huo ilikuwa boma la Dola Huru ya Kongo, mbali na reli yoyote.

Mpiga picha mwenyewe alikuwa Vittorio Sella wa Biella, mtoto wa mtu aliyeandika kitabu cha mafunzo ya upigaji picha katika lugha ya Kiitalia. Sella alizoea kupanda milima na sahani za kioo, kitu kizito kinachovunjika kwa kuteleza mara moja tu, na huku Ruwenzori tope na mizizi vinatelezesha kila hatua. Picha zake zilitoka mwaka 1908 katika kitabu cha Filippo De Filippi. Tazama mojawapo kwa makini: miti ya senesio yenye vigogo vinene na majani yaliyokusanyika kileleni, lobelia zilizosimama wima, ndefu kuliko mtu, ndevu za kuvumwani zikining'inia kwenye matawi. Juu zaidi kuna kingo za theluji zilizotokeza nje ya miamba, chini yake zikishikwa na nguzo za barafu zilizoganda tone kwa tone. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alimheshimu sana Sella. Kilele kimojawapo cha mlima kimepewa jina lake, na vioo vyake vinatunzwa Biella hadi leo. Naikubali kazi hiyo bila kinyongo. Ila ilikuwa bora kiasi kwamba kwa miaka mingi waliomfuata walitaka kusimama mahali pale pale aliposimama yeye.

Mwaka 1907 na 1908 Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg alipita Ziwa Edward, akafuata Semliki hadi boma la Beni, na mtaalamu wake wa mimea, Mildbraed, akaukwea mlima kwa bonde la Butahu. Walipiga picha, lakini walikuwa na haraka. Mwaka 1910 Uingereza na Ubelgiji zikakubaliana kuhusu mpaka, na mlima ukagawanywa.

Picha za dhati za upande wa Kongo zilingoja mpaka 1932. Mwaka huo Xavier de Grunne aliongoza msafara wa Wabelgiji kutoka Mutwanga, pamoja naye Lucien Hauman wa mimea, Louis Burgeon wa wadudu na Paul Michot wa miamba. Kitabu chao kilitoka mwaka 1937. Njia ya upande huu ni ile wanayoifahamu watu wa Mutsora: Kalonge kwenye mita zipatazo 2,100, Mahangu kwenye 3,300, na Kiondo kwenye 4,300. Ukifika Kiondo unakutana ana kwa ana na ukuta wa magharibi wa Mlima Stanley, wenye kilele cha Margherita, barafu ikimwagika kuelekea kwako na maziwa madogo yakiwa chini yake. Mahali hapo ni zawadi kwa mwenye kamera, tena uso wa magharibi ukifunguka jioni, mwanga unaukuta sawasawa. Kinachoniumiza katika vitabu vya zama hizo ni wapagazi. Walibeba vioo, mahema na unga, walijua lini mawingu yatafunguka, lakini majina yao hayakupata nafasi karibu na ya wale waliobonyeza kamera.

Kosa jingine halionekani ndani ya fremu. Mbuga ya Albert ilianzishwa mwaka 1925 kwa ajili ya sokwe wa volkeno, ikapanuliwa mwaka 1929 na 1935 mpaka ikachukua bonde la Semliki na miteremko ya Ruwenzori. Wakati huo vijiji vya bondeni vilihamishwa, malale ikiwa sababu mojawapo, na ardhi ikawekwa ndani ya mipaka ya mbuga. Picha za miaka iliyofuata zinaonyesha tambarare tupu, nyasi, tembo na mlima nyuma. Aliyezinunua Ulaya aliamini anatazama nchi ambayo haijawahi kukaliwa na mtu. Wazee wengi wa Beni wangemwambia nani alilima pale. Sipendi mwandishi wa leo azichapishe picha hizo bila kueleza habari hiyo chini yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia barabara ilimfungulia njia msafiri wa kawaida. Kitabu rasmi cha kuwaongoza wasafiri wa Kongo kilichapishwa mwaka 1949, na mtu mwenye gari aliweza kutoka Stanleyville, akalala Epulu na Mambasa, akapita Beni, Butembo na Lubero, kisha akashuka mteremko wa Kabasha kuelekea Rwindi. Kabasha ilipendwa kuliko sehemu nyingi za njia hiyo, kwani kona zake zinakata ukingo wa bonde la ufa na tambarare inafunguka ghafla chini yako. Butembo yenyewe, mji uliokua tangu kampuni ya madini ya MGL ilipoweka makao huko mwaka 1928, ilikuwa mahali pa kujaza mafuta. Wakala wa serikali wa Congopresse, ulioanza 1947, ulituma wapiga picha kila pembe ya nchi. Joseph Makula, Mkongo aliyeingia humo mwaka 1956, ni mmoja wa waliofungua mlango kwa wapiga picha wa Kikongo. Mkusanyo mkubwa wa Congopresse sasa uko Tervuren, Ubelgiji.

Mtu ninayemthamini kupita wote katika historia hii hakuwa mpiga picha wa sanaa. Jean de Heinzelin anajulikana kwa mfupa wa Ishango aliouchimba mwaka 1950 pale Semliki inapotoka Ziwa Edward. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1953 alichapisha pia utafiti kuhusu kurudi nyuma kwa barafu ya magharibi ya Mlima Stanley, yaani upande wetu hasa. Alitambua kwamba mandhari ile ina tarehe, na kwamba barafu ya mwaka huu inapaswa kuandikwa kabla ya ile ya mwaka ujao.

Hesabu zilizofuata zimempa haki. Mwaka 1906 Ruwenzori nzima ilikuwa na barafu ya kiasi cha kilomita za mraba 6.5. Vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa mwaka 2006 vilionyesha karibu 2 mwaka 1987, na chini kidogo ya 1 mwaka 2003. Siku hizi watafiti wanarudi alipopiga Sella na kulinganisha, karibu kila mara wakitokea Uganda.

Upande huu historia imekatwa vipandevipande. Mbuga, iliyoitwa Virunga tangu 1969 na kuingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, imo katika orodha ya hatari tangu 1994. Mauaji ya raia Beni yalizidi kuanzia Oktoba 2014. Ebola ilitangazwa Agosti 2018, hali ya kuzingirwa Mei 2021, na magari ya barabara ya Kasindi yamewahi kushambuliwa hata yakisindikizwa na jeshi. Wapiga picha wa dunia walikuja Beni na Butembo, lakini walikuja kwa makaburi na mavazi meupe ya wauguzi. Ilikuwa haki yao. Hata hivyo, mwaka 2020 mpiga picha Finbarr O'Reilly alipoiendesha kazi ya tuzo ya Carmignac ya picha za habari pamoja na wapiga picha Wakongo, akina Guerchom Ndebo, Arlette Bashizi na Moses Sawasawa, ilidhihirika kwamba macho ya hapa kwetu yapo, na yana uwezo wa kutazama zaidi ya vita.

Kazi ya kuanza nayo haihitaji kupanda mpaka Kiondo wakati njia si salama. Simu yenye kamera nzuri inatosha, mradi mtu achague pointi mbili tatu ambazo Ruwenzori inaonekana: kilima kimoja mjini Beni, uwanja wa shule moja Mutwanga, ukingo wa ziwa Ishango. Apige kutoka pale pale kila mwezi, jioni baada ya mvua, na aandike siku, saa na upande kamera ilipoelekea. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, kina maktaba inayoweza kuzitunza. Na Tervuren iombwe nakala za picha za Beni, Lubero na Semliki, zije zikiwa na nafasi wazi chini yake, ili wazee walio hai waandike majina ya vijiji, na ya wapagazi pale wanapowatambua.